Chumba cha Unga

Koti lilikuwa moja na walioling'ang'ania walikuwa wawili. Yusta alikuwa ameshika mkono wa kulia wa koti, na kijana mmoja asiyemjua alikuwa ameshika kola. Wote wawili walikuwa wameinamia rundo la mitumba kwenye gulio la Lushoto, mwezi wa Juni mwaka tisini na tano, siku ambayo ukungu ulikuwa umeshuka mpaka juu ya mabati ya maduka na hakuna aliyekuwa akiuona mlima. Watu walisukumana. Muuza mitumba alikuwa amepanda juu ya meza, anapiga makofi na kuimba bei, na nyuma yake akina mama wa Mtae walikuwa wamejifunika kanga mbili mbili, wamekaa kando ya viroba vyao vya viazi kama kuku walioloa.

"Dada, hili nimelitangulia," kijana alisema.

"Umelitangulia kwa macho. Mimi nimelitangulia kwa mkono."

"Basi tulivae kwa zamu. Wewe asubuhi, mimi jioni."

Yusta akamtazama vizuri. Katika baridi ile alikuwa amevaa shati jeupe la mikono mifupi, limepigwa pasi mpaka mikunjo ikasimama, na vinyweleo vya mikono yake navyo vilikuwa vimesimama. Alikuwa mrefu, mweusi wa kung'aa, na meno yake yalikuwa yakigongana huku akijitahidi kutabasamu.

"Umetoka wapi wewe, unayekuja huku mwezi wa sita na shati la Muheza?"

"Bulwa."

"Bulwa si milimani vilevile?"

"Kwetu kuna mvua. Baridi ya kwenu ina meno." Akaliachia koti. "Chukua. Sitaki iandikwe kwamba siku yangu ya kwanza mjini nilimnyang'anya mwenyeji."

Yusta akalilipia koti, akalivaa juu ya gauni lake la kitenge, akaondoka. Hakufika mbali. Aibu ilimrudisha. Akalipekua rundo upya mpaka akapata sweta zito la kijani, akampelekea yule kijana pale alipokuwa amesimama mbele ya jiko la muuza mahindi akiota moto.

"Lina shimo kwenye kiwiko," alimwambia.

"Shimo ni la kupitishia hewa. Unaitwa nani?"

"Yusta."

"Mimi Salvatory. Hongea, Yusta." Lile neno moja la Kishambaa, la kushukuru, alilitamka vibaya, na Yusta akaondoka akicheka ndani ya kola ya koti lake.

Jumatatu sweta la kijani lilikuwa limesimama kwenye lango la kiwanda.

Kiwanda chenyewe kilikuwa Kwembago, ndani ya jengo lililowahi kuwa ghala la ushirika. Ushirika ulipolala, popo walilimiliki ghala kwa miaka. Kisha zikaja siku za soko huria, kila mwenye mtaji akatafuta la kufanya, na mfanyabiashara mmoja wa Tanga akalikodi jengo, akafukuza popo, akaleta matangi. Alitengeneza kimeng'enya. Hicho ni kitu ambacho vijidudu visivyoonekana kwa macho hukitoa ili kumeng'enya chakula chao, na vijidudu vya Kwembago vilikuwa hodari wa kumeng'enya vitu vya jamii ya nyama. Wenye viwanda vya ngozi walikitaka kwa kunyonyolea manyoya, maana chokaa na dawa kali zilikuwa zikiwachoma wafanyakazi mikono na kuua mito. Meneja, Bwana Kornelio, mzee wa miaka hamsini na tano asiyevua kofia yake ya sufi hata kanisani, alipenda kuwaambia wageni kwamba hapa ndipo sayansi ilipopanda mlima.

Yusta ndiye aliyekuwa akikisafisha kimeng'enya hicho. Alikuwa na miaka ishirini na sita, mtoto wa wakulima wa Mgwashi, Walutheri wa benchi la mbele, na alikuwa amesomea kazi ya maabara Morogoro. Kornelio alimpa Salvatory kwa wiki ya kwanza, amwonyeshe kila kitu.

"Hii inanuka kama mchuzi uliolala siku tatu," Salvatory alisema alipofunuliwa ndoo ya kwanza.

"Ni mchuzi kweli. Vijidudu vimekula unga wa soya na molasi, vimetema tunachokitaka, na vimeacha uchafu wao humo humo. Kazi yangu ni kukitoa kimoja na kuviacha vingine."

Akaumimina ule mchuzi kwenye chupa kubwa ya glasi yenye bomba chini. Akaongeza vipande vyeupe vilivyofanana na mshumaa uliokatwakatwa, polima, kama alivyoviita, vilivyoyeyuka bila kuacha alama. Akaongeza chumvi, wala si ya mezani. Akaziba, akatikisa kwa mikono miwili mpaka kila kitu kikawa tope la maziwa, kisha akaisimamisha chupa kwenye kishikio chake.

"Sasa tusubiri."

Walisubiri wakiwa wamekaa kwenye viti virefu, mabega yao yanakaribiana. Taratibu lile tope lilianza kujitenga. Juu pakawa pasafi, rangi ya chai changa. Chini pakabaki pazito, pasipopenya mwanga. Kati yake pakawa na mstari ulionyooka kama umechorwa kwa rula.

"Yote mawili ni maji?" Salvatory aliuliza.

"Yote ni maji, ila hayapatani. Miili ya vijidudu na uchafu mwingi vinabaki chini kwenye chumvi. Kimeng'enya kinapanda juu. Nikishakitenga, nakiwekea chumvi mpya, kinashuka tena kikiwa peke yake."

"Nani anakiambia kipande juu?"

"Hakuna. Kinakwenda kinakopenda."

Salvatory hakuwa akiitazama chupa. "Kama mimi nilivyokuja Lushoto."

"Wewe ulikuja kwa tangazo la kazi," Yusta alisema, lakini masikio yake yalikuwa yamepata moto.

Hivyo ndivyo walivyoanza. Kati ya maabara na stoo, alikopangiwa Salvatory, palikuwa na simu ya ndani, chombo cheusi kizito cha enzi za ushirika, na kila siku saa nne ililia.

"Maabara," Yusta angesema kwa sauti ya kazi.

"Naomba kuzungumza na mkuu wa vijidudu."

"Ana shughuli."

"Mwambie kuna mtu wa stoo ana njaa ya kusikia sauti yake."

"Mtu wa stoo afanye kazi, atafukuzwa."

"Akifukuzwa ataolewa na nani?"

"Mwanamume haolewi, Salva."

"Kwa mwanamke mwenye cheo, mimi nitaolewa, laazizi."

Jumapili Salvatory alisali kwa Wakatoliki na Yusta kwa Walutheri, kisha wakakutana barabarani chini ya mikaratusi, Yusta na gauni lake la bluu lenye ukosi mweupe, Salvatory na suruali ya kaki na viatu alivyovipaka rangi mpaka vikawa vioo. Wazazi wake walitoka Songea kuja kuchuma chai Bulwa, kwa hiyo Kishambaa hakukijua, na alikijifunza kwa ukaidi. Alikuwa akiwasalimia akina mama sokoni "onga mshi" saa mbili asubuhi, salamu ya mchana, na wao wakawa wanamwitikia "niwedi" huku wamejiziba vinywa. Yusta hakumsahihisha. Alipenda kuwasikia wakicheka naye.

Mwaka uliofuata, mnamo Februari, wanunuzi wa Nairobi walilalamika. Kimeng'enya cha maji kilikuwa kinafika kimeoza ndani ya madumu. Walitaka unga. Kornelio akaleta mashine ya kukaushia, akaziba kwa matofali kona moja ya ghala, akaweka mlango, na watu wakakiita chumba cha unga. Trei ziliingia na kimeng'enya kizito kama uji, zikatoka na magamba makavu, na magamba yalisagwa, yakachekechwa, yakajazwa kwenye mifuko. Kazi hiyo alipewa Salvatory. Mshahara uliongezeka, na akapewa koti jeupe kama la maabara.

Siku ya kwanza alikuja kumwonyesha Yusta, akazunguka mbele yake kama bwana harusi.

"Baba yangu amechuma chai miaka thelathini," alisema. "Kwenye ukoo wetu, mimi ndiye wa kwanza kuvaa hili."

Yusta akampangusa nyusi kwa kidole. Vumbi laini la rangi ya maziwa ya mgando lilikuwa limemtanda usoni. Lilinuka utamu mdogo, kama mkate.

Kikohozi kilianza Mei. Watu wote wa Lushoto hukohoa Mei, hakuna aliyejali. Juni kikawa na mluzi ndani yake. Salvatory alikunywa tangawizi, akajipaka dawa ya mafua, akasema ni baridi ya kwenu, ina meno. Julai alikuwa anashindwa kupanda ngazi za posta bila kusimama. Waliopita walidhani anasoma matangazo ukutani.

Agosti baba yake alifariki. Salvatory akaenda Bulwa wiki mbili kuzika, akarudi akiwa amekonda kwa majonzi, lakini anapumua kama mtoto. Alipanda kutoka stendi mpaka Kwembago akiwa na begi begani na hakutua. Hiyo ilikuwa Jumatatu. Jumanne jioni, wakiwa wamekaa kwenye kibanda cha chai, Yusta akausikia mluzi tena.

Alikuwa mtu wa kuandika kila kitu, saa na kipimo, na akatambua kwamba kwa miezi mitatu alikuwa akitazama jambo bila kuliandika. Jumapili nafuu. Jumatatu nafuu kidogo. Ijumaa mbaya. Kesho yake alikitafuta kijitabu kilichokuja na mashine ya kukaushia, ambacho hakuna aliyekisoma zaidi ya kurasa za nyaya. Karibu na mwisho palikuwa na aya tatu. Vumbi la kimeng'enya likivutwa huufundisha mwili kulichukia. Mtu hupata pumu. Wahusika waondolewe mapema, maana kuna ambao hawaponi tena.

"Acha kazi ile, Salva," alimwambia jioni hiyo, pale kibandani.

"Niache nifanye nini?"

"Chochote. Rudi stoo."

"Stoo yupo mtu. Na mimi nimeandikia nyumbani kwamba Desemba nakuja na mchumba. Nitawaambia nini, kwamba nimekimbia vumbi?" Akamshika mkono. "Mama anavuta moshi wa kuni tangu azaliwe, hajafa. Ni baridi, mpenzi. Itapita."

Yusta hakumwonyesha kijitabu. Alikuwa nacho kwenye mkoba, chini ya meza, goti lake limekigusa. Alijiambia kwamba mtu aliyetoka kumzika baba majuzi hapewi habari ya namna hiyo. Alijiambia kuna njia nyingine.

Njia nyingine ilikuwa mlango wa Kornelio.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Yusta. Kaa."

Alieleza yote. Kornelio alizisoma zile aya tatu mara mbili, akivuta kofia yake mpaka kwenye nyusi.

"Hatuwezi kurudi kwenye maji," alisema. "Tukisimamisha unga, Nairobi wanaondoka, na watu kumi na tisa wanarudi kushika jembe."

"Basi angalau tuweke feni ya kuvuta vumbi, na mzunguko, mtu asikae mle zaidi ya wiki. Na Salvatory atolewe sasa hivi, mzee. Yeye ameshaathirika."

"Niandikie. Nitalishughulikia."

Yusta aliandika ukurasa mzima, kwa mwandiko wake mzuri: vumbi, feni, mzunguko, na mwishoni, kama mfano, jina la Salvatory na dalili zake moja baada ya nyingine. Kornelio aliushughulikia mfano tu. Siku ya tatu Salvatory alipewa barua ya kusitishiwa ajira kwa sababu za kiafya, "kwa kuzingatia taarifa ya mtaalamu wa maabara". Wiki hiyo hiyo ubao wa matangazo ulisema kwamba Yusta ni mkuu wa maabara.

Salvatory alimkuta akikausha chupa. Alikuwa hajavua koti jeupe. Barua ilikuwa mkononi.

"Umeniandika," alisema.

"Salva, niliomba utolewe chumbani, sikuomba—"

"Umeniandika kama ndoo. Anakohoa usiku, anapiga mluzi, anasimama kwenye ngazi. Mambo uliyoyaona ukiwa nami. Nilipokuwa nimelala kifuani kwako ulikuwa unahesabu?"

"Nilikuwa naogopa kwa ajili yako."

"Ulinihofia mimi, ukamwambia Kornelio kabla yangu?" Alitaka kuongeza jambo, pumzi ikamkatikia. Akainama, akashika meza. Yusta alisogea na Salvatory akanyoosha kiganja kumzuia. Walikaa hivyo mpaka alipoweza kusema. "Na cheo wamekupa. Hongera."

Akavua koti, akalikunja vizuri, akaliacha juu ya meza. Kesho yake asubuhi alipanda basi la Muheza.

Yusta alipiga simu. Kila Jumamosi alipanga foleni kwenye chumba cha simu pale posta, akasema namba ya ofisi ya shamba la chai, akangoja kerani akamwite. Mara ya kwanza aliambiwa yuko kitaluni. Mara ya pili ameenda Muheza. Mara ya nne kerani alikuwa amechoka.

"Dada, anasema hayupo."

"Nani anasema hayupo?"

"Yeye mwenyewe. Amesimama hapa mlangoni."

"Mwambie nasubiri."

Alisubiri. Alisikia sauti za ofisi, mashine ya kuchapia, mtu anauliza funguo. Kisha mlango ukafungwa, na kerani akasema kwa huruma, "Ameondoka, dada. Usimalize pesa zako."

Desemba ilipita. Nyumbani Mgwashi mama yake aliuliza mara moja tu kuhusu yule kijana wa Kikatoliki, akaona uso wa binti yake, akaendelea kumenya viazi.

Katika chumba cha unga aliingia Marta. Alikuwa mjane wa watoto wawili, mcheshi, anaimba kwaya moja na Yusta, na kwa hilo koti jeupe alifurahi kama alivyofurahi Salvatory. Kornelio alikuwa amewapa wafanyakazi vitambaa vya kufunga puani. Feni haikuja. Yusta alikumbusha mara mbili, akaambiwa mwezi ujao, na kwa kuwa sasa alikuwa mkuu na ana meza yenye droo, akasema sawa. Aliendelea kutikisa chupa zake, kutenga ya juu na ya chini, na kila alichokisafisha kilipelekwa kukaushwa.

Jumapili moja ya Februari, wakiimba, Marta aliachia ubeti katikati. Sauti ya tatu ikabaki na tundu. Yusta aligeuka akamwona amekaa, mkono kifuani, mabega yanapanda na kushuka, na akausikia mluzi ule ule aliokuwa akiusikia ndotoni.

Hakumaliza ibada. Jumatatu alipanda basi la kwanza hadi Tanga, na kijitabu, na nakala ya ule ukurasa wake, na akakaa kwenye benchi la ofisi ya ukaguzi wa viwanda mpaka saa tisa alipopokelewa. Wakaguzi walikuja baada ya siku kumi. Walikaa ndani ya chumba cha unga kwa dakika chache, wakatoka wakipangusa macho, wakakifunga kwa lakiri.

Nairobi wakatafuta unga kwingine. Mwezi wa Machi mwenye kiwanda alituma lori kuchukua mashine, na watu kumi na tisa wakapewa barua zao. Kornelio alizigawa mwenyewe, mlangoni, bila kofia. Alipofika kwa Yusta alimnyooshea yake huku akitazama pembeni. Mjini watu walianza kumsalimia kwa ufupi. Muuza maziwa aliyekuwa akimpitishia kila asubuhi, ambaye mdogo wake alikuwa dereva wa kiwanda, aliacha kupita.

Alikwenda kwa Marta na kilo mbili za sukari. Marta alikuwa akipepeta maharage uani, amejifunga kitambaa kichwani mpaka kwenye nyusi.

"Nilifanya kwa ajili yako," Yusta alisema.

"Najua." Pumzi yake ilikuwa bado fupi. "Lakini kikohozi kilikuwa changu, Yusta, na watoto ni wangu. Tulikuwa tunakaa benchi moja. Ungeniambia, labda ningetoka mwenyewe. Labda ningekwenda nawe Tanga. Umeamua peke yako, na mimi nimesikia habari ya kifua changu kwa mkaguzi." Akaipokea sukari, kwa sababu haikuwa desturi kuikataa. "Asante. Nenda tu, shoga. Sina kinyongo, nina uchovu."

Yusta alirudi kiwandani kufunga chupa ndani ya maranda. Maabara ilikuwa imebaki na meza tupu na simu ya nje iliyohamishiwa pale kutoka ofisini. Ililia mchana.

"Maabara," alisema, kwa mazoea.

"Ni mimi."

Yusta akakaa juu ya sanduku.

"Nimesikia mmefungwa," Salvatory alisema. "Dereva wa lori la chai ameniambia. Anasema ni wewe uliyefungisha."

"Ni mimi."

Laini ilikuwa na mvua ndani yake.

"Daktari wa Muheza aliniambia ni pumu," alisema. "Akauliza nimefanya kazi wapi. Nilipomwambia, akatikisa kichwa. Ilikuwa Novemba."

"Na hukunipigia."

"Niliona aibu. Kisha hasira ikarudi, maana kumbe ulijua. Kisha aibu tena. Nimekuwa nazunguka hivyo miezi minne."

"Naweza kuja, Salva?"

Alivuta pumzi, akaiachia. "Njoo Alhamisi. Alhamisi natoka mapema."

Alivaa gauni la bluu. Basi lilimshusha Muheza, na gari la shamba likampandisha upande wa pili wa milima, ambako mvua ilikuwa nyembamba na ya joto, na chai ilikuwa imejaa kila mteremko, kijani mpaka macho yanachoka. Alimkuta kitaluni, chini ya kivuli cha makuti, akipanga viroba vya miche. Kazi ya kiwanda cha chai ilikuwa imemshinda kwa vumbi lake, wakampa miche. Alikuwa amekonda. Shingo yake ilikuwa na mashimo mawili juu ya mitulinga, na yalizama kila alipovuta hewa.

"Umependeza," alisema.

"Umekonda."

"Nimeacha kula kwa ajili yako. Huamini?"

"Siamini."

Akatabasamu kidogo, akanawa mikono kwenye ndoo. "Twende kwa mama. Nimemwambia kuna mgeni, sijamwambia mgeni gani."

Njia ilipanda katikati ya chai. Baada ya hatua kama thelathini Salvatory alisimama, akaweka mikono magotini, akangoja. Yusta alisimama pia. Akatazama chini bondeni ili asimtazame. Wakaendelea. Hatua thelathini nyingine, akasimama tena.

"Sema," Salvatory alisema akiwa ameinama.

"Niseme nini?"

"Unachokijua. Nikimuuliza daktari nitapona lini, anaandika dawa. Dereva aliniambia ulikwenda Tanga na kijitabu cha mashine. Safari hii niambie mimi."

Ndani ya basi Yusta alikuwa ameandaa maneno ya kufariji, mengi na mazuri. Aliyatafuta, akayaacha.

"Haitarudi ilivyokuwa," alisema. "Ukikaa mbali na vumbi, utapata siku nzuri. Kuna siku utapanda hapa bila kusimama. Lakini kifua kimeshajifunza kuchukia, na kitachukia vingi, moshi, vumbi la chai, baridi. Kuna wanaopona. Kwa ulivyokaa mle muda mrefu, nadhani wewe hutapona. Nilipaswa kukuambia Agosti. Nilikuwa nacho mkobani, chini ya meza. Nilishindwa kukutazama usoni, nikaenda kwa mtu ambaye nisingeumia kumtazama."

Salvatory alibaki ameinama. Mvua ilimlowesha mgongo. Alipojinyoosha macho yake yalikuwa mekundu, na sauti yake ilikuwa ya kawaida.

"Basi ndivyo," alisema.

"Ndivyo."

"Lushoto sitarudi. Baridi ile itanimaliza."

"Najua."

"Na wewe umesomea chupa. Huku hakuna chupa."

"Najua, Salva."

Akatazama mlima uliobaki. "Mama atauliza wewe ni nani. Nilitaka nimwambie tu, akishasikia uwe umeshikwa. Lakini naona nikuulize kwanza. Nimwambie ni mchumba?"

Yusta alifikiria Mgwashi, na mama yake na viazi, na mchungaji na padri watakavyovutana. Alifikiria miaka ya kuamka usiku kusikiliza. Alifikiria kwa kweli, wala hakujifanya kufikiria, na Salvatory alimwona akifikiria na hakumharakisha.

"Mwambie," alisema.

Hakukuwa na kukumbatiana, njia ilikuwa nyembamba na mwanamume hakuwa na pumzi ya kutosha. Alimshika mkono tu. Wakapanda, wakasimama, wakapanda. Jiko la nyumba ya juu lilikuwa likifuka moshi, na Yusta akaona, kabla hawajafika, mwanamke mzee anaburuta kuni zinazowaka na kuzizika kwenye matope nje, moja moja, upesi. Kisha akajipangusa mikono kwenye kanga, akasimama mlangoni, ameelekeza sikio bondeni. Yusta alimwona kupitia majani ya chai ndefu, lakini yeye alikuwa bado hawezi kuwaona. Siku hizi alikuwa akiusikia mluzi wa kifua cha mwanawe kabla hajamwona.